Ufunguo Uliofia Mokowe

Ijumaa ile sikuwa na safari. Nilikuwa nimekaa ukumbini nakata buibui la mteja, mkasi mkononi, simu ikalia. Alikuwa Salma, binti wa dada yangu Asha, anapiga kutoka hospitali Malindi. Hata salamu hakunipa. "Mama mdogo, njoo leo. Daktari ametuambia tuwaite watu wake."

Dada Asha alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa moyo, na siku zote tulikuwa tukiambiwa ana nafuu. Huyo ndiye aliyenilea. Alinisuka, alinichapa, alinifundisha kushika sindano, na alipoolewa Malindi nililia hadi ikabidi nami nipelekwe nikakae kwake. Nikamwambia Salma amwekee simu sikioni. Nikasikia pumzi, kisha sauti ndogo ya mbali: "Ruki, waya?" Sisi watu wa Amu, Lamu kwa wengine, husema hivyo, waya, yaani unakuja, na leo kwetu ni yeo. Nikamjibu, "Naya, dada. Naya yeo hii, wallahi." Basi hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani, na hicho ndicho kiapo nilichokula.

Mama yangu alikuwa kwenye daka la mlangoni, amempakata mjukuu wangu Swaleh. Miguu yake haimbebi tena, na boti haiwezi. Nilipompa habari hakulia. Alisema tu, "Enda upesi. Umuone kwa niaba yangu." Nikachukua mkoba, nikachukua ufunguo wa gari, nikateremka gatini.

Asiyekwetu huenda akashangaa gari la nini, na vichochoro vyetu hata punda wawili hupishana kwa kuombana radhi. Magari tunayo, ila hatukai nayo. Tunayaacha ng'ambo, Mokowe, kwenye uwanja wenye mlinzi, na ufunguo tunarudi nao nyumbani. Langu ni kigari kidogo cha mtumba kutoka Japani, cha kubonyeza kitufe, kisicho na mahali pa kuchomeka ufunguo. Huenda nalo Mombasa kuchukua vitambaa, nikirudi nalitia Mokowe, nalisahau mpaka safari nyingine.

Mokowe nilifika kabla jua halijakaza. Boti ya mashine haikuchelewa, bahari ilikuwa shwari, nikasema moyoni Alhamdulillahi, laasiri niko kitandani kwa dada yangu. Nikalikaribia gari, nikabonyeza ufunguo. Kimya. Nikabonyeza tena. Kile kitaa chake chekundu hakikuwaka. Nikausugua kwenye buibui, nikaupuliza, nikaugonga kiganjani, nikausomea Bismillahi. Kimya vilevile. 

Mlinzi wa uwanja, Bwana Karisa, alikuja akausikiliza kama saa. "Mama, hii betri imekwisha. Lakini iko na kifunguo kingine ndani." Akafinya ubavuni, kweli kikachomoka kijiti cha chuma. Akafungua mlango wa dereva, na papo hapo gari likapiga king'ora ambacho nadhani walikisikia hadi kisiwani Manda. Nikaingia, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Mbele yangu ikatokea picha ya ufunguo yenye mkato mwekundu. Gari lilikuwa likiniambia sina ufunguo, nami nimeushika mkononi! Nilicheka, kicheko kisicho na furaha, halafu nikapiga usukani kofi.

"Tafuta betri tu, mama," Bwana Karisa akasema, akizima kile king'ora kwa kuchomoa waya chini ya boneti. "Ukipata betri, umemaliza."

Nikazunguka maduka yote ya Mokowe. Kuna betri za tochi, betri za redio, za rimoti, hata betri za lori. Ile bapa ya duara, mfano wa kifungo cha koti, hakuna. Mwenye duka la mwisho akanionyesha ya saa ya mkono, ndogo kama punje ya mtama, akaniuliza kama haitafaa. Nikatoka. Mabasi ya Malindi yalikuwa yameondoka asubuhi. Gari la kukodi lililokuwapo lilikwenda Mpeketoni na maharusi. Nilisimama juani, sina mbele sina nyuma, nikampigia Salma nikamwambia niko njiani. Sikusema uongo kabisa, nilikuwa barabarani kweli, ila nilikuwa nimesimama.

Nikarudi Amu. Ndiyo, nilirudi! Bahari ileile, boti ileile, nahodha ananiuliza, "Bi Rukia, umesahau nini?" Nikamwambia nimesahau akili. Nilikuwa nimemkumbuka Bwana Mohamedi, fundi wa saa, ambaye kibanda chake kina kila kidude duniani. Nilikwenda mbio buibui likinipepea, nikafika, nikakuta ubao umeshushwa. Ijumaa. Mji mzima ulikuwa umekwenda kuswali.

Nikaketi kwenye baraza yake kungoja. Khutba ilikuwa ikisikika kwenye vipaza sauti, na khatibu, Mungu ampe umri, siku hiyo alichagua kuzungumzia subira. Alieleza mafungu yake, moja baada ya moja, bila haraka. Nilitamani kumtupia kiatu, astaghfirullah. Nikawaza dada yangu anapumua vile nilivyomsikia, na mimi nimekaa kwenye jiwe mita chache kutoka nyumbani kwangu, mahali nilipotoka asubuhi, sijapiga hatua hata moja kumwendea. Sijawahi kuuona upweke kama ule, na mji ulikuwa umejaa watu.

Baada ya swala, na baada ya chakula chake cha mchana, Bwana Mohamedi akatokea anachokoa meno. Ni mtani wangu wa siku nyingi. "Bi Rukia na ufunguo wa gari! Gari utalipitisha ndia gani nti hii?" Njia gani, yaani, katika mji wa vichochoro.

"Bwana Mohamedi, leo usinitanie. Dada Asha yu katika hali mbaya."

Utani ukamtoka usoni. Akafungua ufunguo kwa ncha ya kisu, akatoa betri, akaipima. "Hii imekufa kabisa. Haikufa yeo hii." Akapekua makopo yake yote. Ya namna ile hakuwa nayo. Alikuwa na iliyolingana upana lakini nyembamba zaidi. Akakunja kipande cha karatasi ya fedha ya peremende, akakisukumiza chini yake ili ikaze, akafunga. Kitaa chekundu kikawaka. Nilimbariki yeye na wazazi wake na kizazi chake. "Usiuangushe," akaniambia, "na ukifika Malindi tia betri yake ya haki."

Mara ya tatu siku ile nikavuka maji. Bwana Karisa alirudisha waya wake, nikabonyeza, gari likafunguka. Nikakanyaga breki, nikagusa kitufe, likanguruma, na yule mwanamke wa ndani ya gari akanisemesha kwa Kijapani kama kawaida yake. Sijui kamwe anasema nini, lakini siku hiyo nilimjibu, "Ahsante, mwanangu." Nikaondoka Mokowe jua likiwa tayari limeelemea magharibi.

Barabara inayopita mji wa Hindi kuelekea Witu siku hizi ina lami nzuri. Nyani wamekaa pembeni, mizigo ya mkaa na maembe imepangwa, huku na huku ni msitu na tena msitu. Nilikuwa nikiendesha huku nazungumza peke yangu. Nilikuwa nikimwambia dada mambo ya kijinga, kwamba kile kitambaa cha kijani alichokitaka nimekipata, kwamba Swaleh ameota meno ya juu. Nilikuwa na matumaini. Nalisema hili kwa sababu baadaye sikuwa nayo tena, na nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka ladha ya kitu alichokula mara moja.

Kizuizi cha Witu kilikuwa na foleni fupi. Askari alinisalimu kwa adabu, akaniomba nizime gari, nishuke, nifungue nyuma. Ndiyo kazi yao, na njia ile ina historia yake ya mashambulizi, kwa hiyo nilizima bila kufikiri. Wakakagua, wakaniruhusu. Nikaingia, nikabonyeza kitufe. Picha ya ufunguo, mkato mwekundu.

Nilifungua ule ufunguo kwa meno. Karatasi ya peremende ilikuwa imejikunyata pembeni. Nikaikunja upya, nikaongeza kipande cha risiti, nikaongeza uzi wa buibui langu. Kitaa kiliwaka mara moja, kikafifia, kikazimika kabisa. Askari wawili wakanisaidia kulisukuma gari pembeni. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba jua linazama, na jioni hawaruhusu magari kuingia msituni. "Hata lingewaka, mama, ungelala hapa tu."

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia mbele za watu. Mwanamke mtu mzima, mwenye biashara, mwenye wajukuu, nimekaa chini nalia na kifunguo cha plastiki mkononi.

Aliyenichukua ni mwenyeji wa Witu aitwaye Bi Nuru. Nyumba yake imetazamana na kile kizuizi, na alikuwa ameniona. Hakuniuliza jina kwanza. Alinishika mkono, akaniingiza ndani, akanitilia maji ya kutawadha. Alinieleza kwamba mumewe, Bwana Shee, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, yuko Mpeketoni kwa shughuli na atarudi asubuhi. "Kesho utapanda basi," akasema. "Gari nitakutunzia."

Tulikuwa bado kwenye mswala wa magharibi simu iliponililia. Nilipoona ni Salma nilijua. Niliiangalia ikilia mpaka Bi Nuru akaipokea yeye. Alisikiliza, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akaiweka chini, akanikumbatia. Hatukuwa tumejuana hata saa moja. Usiku ule sina la kuusimulia.

Asubuhi, Witu. Shemeji yangu alikuwa amesema mazishi ni saa nne, kwamba wangependa kuningoja, lakini familia imeshakusanyika na kaburi limeshachimbwa. Sasa sikuwa nikitafuta tena kumkuta hai. Nilitaka uso tu. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Tunaagana na maiti nyumbani, kabla jeneza halijatoka, na likishavuka kizingiti basi. Basi la kwanza lilipita limejaa hadi mlangoni. La pili halikuonekana. Saa mbili ikapita, nami nimesimama kando ya gari langu mwenyewe kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Bwana Shee akafika kutoka Mpeketoni. Mkewe alimweleza habari yangu pale pale barabarani. Alinipa pole, akalitazama gari, akasema, "Hili ni kama langu. Nipe huo ufunguo."

"Umekufa, Bwana Shee. Betri haina kitu."

"Najua. Ingia, kanyaga breki."

Akaupenyeza mkono dirishani, akaugusisha ule ufunguo mfu kwenye kitufe cha kuwashia, plastiki kwa plastiki, akaushikilia hapo. "Sasa bonyeza kwa huohuo ufunguo." Nikabonyeza. Gari likanguruma. Yule Mjapani akanisalimu.

Nilimwangalia Bwana Shee. Alidhani nimefurahi. Akanieleza kwamba ndani ya ufunguo mna kitu kisichohitaji betri, kwamba ukiugusisha pale gari hukitambua, kwamba yeye mwaka mzima aliendesha hivyo kwa uvivu wa kununua betri. Alikuwa akieleza vizuri, kiualimu, nami nikisikia kila neno likiniingia kama msumari. Maana yake ni kwamba pale Mokowe, jana asubuhi, mlango ukiwa wazi na mguu uko kwenye breki, nilikuwa na kila nilichohitaji. Sikuhitaji duka. Sikuhitaji kurudi Amu, wala baraza, wala khutba, wala fundi. Nilihitaji kuusogeza mkono shubiri moja.

Sikumbuki kama nilimshukuru. Natumai nilimshukuru.

Barabara ya Garsen nilikwenda mbio kuliko inavyofaa, na kila kizuizi nilipozima nililiwasha tena kwa kugusisha, kila mara bila taabu, na kila mara nikimaka kwa hasira. Malindi nilifika adhana ya adhuhuri bado. Nilipokunja kona ya mtaa wao nikawaona wanaume wanarudi kwa makundi, kanzu zimechafuka mchanga magotini, wanazungumza kwa sauti ya chini. Nikazima gari katikati ya njia. Shemeji yangu aliniona, akaja dirishani, akasema, "Rukia, tulikungoja." Mkono wake bado ulikuwa na udongo.

Ndani wanawake walinipokea kwa kilio. Chumba kilikuwa kimeshafagiliwa na kufukizwa udi. Salma alinikalisha kwenye mkeka, akaniegemea begani, akaniambia nisilolitaka wala nisiloweza kuacha kulitaka.

"Alikuulizia mpaka mwisho, mama mdogo. Dirisha lake lilikuwa upande wa barabara. Kila gari lililosimama nje alisema, 'Huyo ni Ruki.' Laasiri akawa hawezi tena kusema. Akisikia gari, anainua kidole."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Mzuri. Kama amelala."

Watu wote husema hivyo. Nilimwomba aniambie tena, akaniambia tena, wala haikunisaidia.

Nilikaa Malindi mpaka hitima. Wajomba, majirani, mashoga zake wa chuoni, kila aingiaye aliniuliza safari ilikuwaje, nami nikajibu, "Gari lilisumbua." Ni maneno mawili tu, yanatosha kwa adabu. Mmoja alinishika mkono akasema ilikuwa imeandikwa. Naamini kwamba ilikuwa imeandikwa. Lakini imani yangu na mkono wangu havisemezani, na mkono wangu unajua kwamba shubiri moja ilitosha.

Siku ya kurudi, Salma alinipeleka mjini nikatia betri ya haki. Muuzaji alifungua, akabadilisha, akafunga, hata chai yake haikupoa. Nilirudi Witu nikawapelekea Bi Nuru na mumewe halua, nikarudi Mokowe nikalikabidhi gari kwa Bwana Karisa, nikamwonyesha namna ya kugusisha. "Ala! Kumbe ni rahisi hivyo?" akasema. Nikamwambia ndiyo, ni rahisi hivyo.

Kwa nyinyi wenzangu wa Amu mlioyaacha magari ng'ambo, nawaambia nilichokipata kwenye safari hii, maana sikupata kingine. Mtu anayeendesha kila siku, ufunguo wake humwonya: leo anabonyeza mara mbili, kesho mara tatu, anashtuka. Sisi hatuonywi. Ufunguo wetu hufia nyumbani, mbali na gari lake, nasi tunakuja kuijua maiti gatini. Wekeni betri ya akiba mkobani. Kijueni kijiti cha chuma kilicho ndani. Na ukiwa umekufa kabisa, ugusisheni kwenye kitufe, kanyageni breki, mwende kwa watu wenu. Nimeshawaambia wengi. Kila ninayemwambia ananishukuru, na kila anaponishukuru nachomeka upya.

Nyumbani nilifika laasiri. Mama alikuwa dakani palepale, kanga nyeusi kichwani. Tulishikana, tukalia, nikamweleza mazishi, nani alikuja, nani alisoma. Alipotulia, Swaleh akaanza kunilalia mkobani, anapekua, anang'aka.

"Mpe taa yake," mama akasema. "Amelia siku zote ulipokuwa huko."

"Taa gani, mama?"

Akautoa mwenyewe, ufunguo wa gari, akampa. Mtoto akaukamata kwa mikono miwili, akabonyeza, kitaa chekundu kikawaka, akacheka kwa meno yake ya juu. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena. Nilisimama palepale, kiatu kimoja nimekivua, kimoja bado.

"Yeo yawaka vyema," mama akasema, akipangusa macho. "Siku zile ilikuwa imefifia, haimnyamazishi. Asubuhi ile ya Asha haikuwaka kabisa." Kisha akaniinulia uso. "Niambie, mwanangu. Kitu gani hasa kilichokuchelewesha ndiani?"

Nikakivua kiatu cha pili. Nikakiweka vizuri kando ya mwenziwe.

"Ni gari tu, mama. Lilikataa."

"Hayana kheri magari hayo," akasema. Akamvuta Swaleh kifuani, akakishika kidole chake kidogo, akambonyezea.